Nimeongeza RAM mwenyewe kwenye kompyuta ya dukani

Kompyuta yangu ya steshenari ni Dell OptiPlex 7010 ya mtumba, niliyoinunua ikiwa na RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 4. Kutwa nzima nachapa barua, naskani vyeti na kuwajazia watu fomu za mtandaoni. Nikifungua Word, PDF mbili na tabu sita za intaneti, inaganda, na mteja kasimama kaunta anaangalia saa. Fundi mmoja alinishauri ninunue kompyuta nyingine. Lakini nilipotazama Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha kompyuta inavyotumika, nilikuta kumbukumbu imejaa asilimia 94 huku prosesa haina kazi. Nikaona hapa ni RAM tu.

Niling'oa ile ya zamani nikaenda nayo Kariakoo. Nanyi fanyeni hivyo, maana maandishi ya kwenye stika ndiyo yanayoamua. Yangu imeandikwa PC3-12800U, yaani RAM ya kizazi cha DDR3, ya kompyuta ya mezani. Ikiishia na S ni ya laptopu, na hiyo utaijua kwa ufupi wake. Ya kuogopa ni yenye R, ya seva: urefu ni uleule, pengo liko palepale, inaingia vizuri kabisa, ila kompyuta kama hii haiwaki nayo. Duka la kwanza nilipewa hiyo kwa bei ya kuvutia, nikairudisha. La pili nikapata mbili za GB 8, zilizotumika, kwa shilingi 70,000. Muuzaji akanijaribia zote mbele yangu.

Dukani nilichomoa waya wa umeme, nikashikilia batani ya kuwashia sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe, nikagusa chuma cha kasha. Ubavu wake unafunguka bila bisibisi. Nikazichomeka kwenye sloti mbili zenye vishikizo vyeupe, ili zifanye kazi kama pea.

Nikawasha. Kioo giza, taa ya batani inapepesa rangi ya chungwa. Jamani, moyo ulinipasuka! Nikachomoa waya tena, nikamulika na tochi ya simu: RAM moja ilikuwa imekaa upande mmoja tu, kishikizo cha pili kimeachia kama unene wa ukucha. Nikaikandamiza kwa vidole gumba vyote viwili, kwa nguvu ambayo nilihofia itavunja ubao, mpaka ikalia "tak". Safari hii ikawaka, na Windows ikasoma GB 16.

Sasa ni wiki ya tatu. Skana, Word na tabu zangu zote vinakaa wazi tangu asubuhi, na mteja wa kopi simwambii tena "subiri kidogo, imekwama". Kuwaka tu ndiko bado kunachukua dakika zilezile, kwa sababu diski ni ile ya zamani ya kuzunguka, na hilo RAM haiwezi kulitibu. Akiba ya SSD, diski ya kasi isiyozunguka, nimeshaanza kuiweka.