Mtoto Anacheua Maziwa ya Mkebe? Angalia Chuchu Kabla Hujabadilisha Maziwa

Malalamiko ya kina mama wa Lamu na Malindi yanafanana. Mtoto ana wiki sita, akimaliza chupa anacheua mpaka leso inalowa, na mama ashabadilisha mkebe mara tatu kwa ushauri wa muuza duka. Kila mkebe mpya ni pesa, na mtoto bado anacheua. Ukimuuliza mama huyo chuchu ya chupa yake ni nambari gani, mara nyingi hajui kwamba chuchu ina nambari ya kuonyesha kasi ya maziwa.

Kwa hivyo hapa tunapanga kwa ubora chupa na chuchu, si maziwa. Anayeweza kunyonyesha aendelee kunyonyesha; haya ni ya yule ambaye tayari yuko kwenye maziwa ya mkebe. Umbo la chupa, vishikio na picha za wanyama nimeziacha, hazimpunguzii mtoto hata tone moja la kucheua.

Mtoto mchanga hucheua kwa sababu mlango wa juu wa tumbo lake bado haujakaza. Hilo ni la kawaida, huanza kabla ya wiki nane na kwa watoto wengi huisha kabla ya mwaka. Chuchu yenye kasi ndiyo inayolizidisha. Maziwa yanamjia mbio, anayameza pamoja na hewa, na hewa ile ikitoka inapanda na maziwa. Tena hapati muda wa kuhisi kashiba, basi anapitiliza.

Pima hivi: tia maji ya uvuguvugu, pindua chupa, usiikamue. Yanatakiwa yadondoke tone kwa tone, kama tone moja kwa sekunde. Yakichuruzika mfululizo, chuchu hiyo si ya mtoto mchanga, hata kama boksi limeandikwa 0+. Kisha mwangalie mtoto mwenyewe. Maziwa yakimvuja pembeni mwa mdomo, akigugumia, akitoa macho na kukunja ngumi, akimaliza mililita 90 kwa dakika tano, kasi imemshinda. Mlo mzuri huchukua dakika 15 hadi 20. Na chuchu ikiwa ya polepole kupita kiasi utaona inabonyea ndani, au mtoto anachoka na kulala chupa haijafika nusu.

Mtego mkubwa uko kwenye chupa kubwa. Mama anaona afadhali anunue ya mililita 260 ili imfae mpaka mtoto akue. Kwa makampuni kadhaa, chupa kubwa hutoka kiwandani na chuchu ya kasi zaidi, ya mwezi mmoja kwenda juu, ilhali ile ndogo ya mililita 125 ndiyo yenye chuchu ya mchanga. Halafu nambari hizi hazina kipimo kimoja cha pamoja: 1 ya kampuni hii yaweza kuwa na kasi kuliko 2 ya kampuni ile. Ukihama kampuni, pima upya.

Ya kwanza kwangu ni Dr. Brown's ya shingo nyembamba, na sitaficha kwamba naipendelea. Ndani ina mrija unaopitisha hewa kutoka kwenye kifuniko hadi chini ya chupa, kwa hiyo hewa haipiti katikati ya maziwa. Zaidi ya hapo ina ngazi za kasi, kutoka ya polepole kwenda juu, ambazo wengine wengi hawana: Preemie kwa njiti, kisha T, kisha Level 1, na ngazi imechorwa kwenye chuchu yenyewe. Mtoto anayelemewa na Level 1 mshushe kwenye T kabla hujagusa maziwa.

Wanaosema chupa hii inavuja, mara nyingi wameitumia vibaya. Usijaze kupita mstari wa juu. Usipashe moto mrija ukiwa ndani. Wala usiitikise na mrija wake: koroga maziwa kwanza, yaache povu litulie, ndipo uuweke. Mrija ni vipande viwili na unasafishwa kwa brashi nyembamba inayokuja kwenye boksi, kila baada ya mlo, kwani maziwa yaliyoganda humo hayaonekani kwa haraka. Maji magumu ya kisima yakiacha ukoko mweupe ndani, loweka kwenye siki iliyochanganywa na maji, suuza vizuri, kisha chemsha. Kama nyumbani hakuna mtu wa kuifanya kazi hii mchana na usiku, nenda kwa ya pili.

Ya pili ni Philips Avent Anti-colic, hasa yenye kipande cha AirFree. Kipande hicho huiweka chuchu imejaa maziwa hata chupa ikilazwa karibu usawa, na hivyo ndivyo mtoto anayecheua anavyofaa kulishwa: kichwa juu, chupa usawa. Nunua ndogo, nambari 1. Pete usiikaze kwa nguvu zako zote. Ikikazwa sana hewa haiingii, chuchu inabonyea, na mtoto analia.

MAM ni ya tatu. Hewa yake huingia kwa chini kupitia kisahani cha silikoni, na kisahani kikikaa upande, maziwa yote yako mezani. Sifa yake ya kujichemsha yenyewe inahitaji maikrowevu, na jikoni nyingi za huku haimo.

Chupa za bei rahisi za sokoni, zisizo na nambari wala jina, ziache. Tundu zake hazilingani. Kama fedha ni hiyo tu, kikombe kidogo kilichochemshwa ni bora na salama zaidi: mtoto akae wima, ukingo uguse mdomo wa chini, arambe mwenyewe, usimmiminie.

Na kutoboa chuchu kwa sindano ya moto ili "maziwa yatoke" ni kuharibu kila kitu nilichoandika hapa.

Sasa mkebe. Mtoto wa chini ya miezi sita huhitaji takriban mililita 150 kwa kila kilo kwa siku. Wa kilo nne ni mililita 600, ukigawa mara nane ni 75 kila mlo. Wengi wanaocheua sana wanapewa 120. Maji hutangulia, kisha unga, kwa kijiko cha mkebe uleule, kilichosawazishwa na kisichoshindiliwa. Mikebe mingi ni kijiko kimoja kwa mililita 30, lakini ipo ya 60, soma. Unga si kitu kisicho na vijidudu, basi maji yachemke na yasikae zaidi ya nusu saa kabla ya kuchanganya, yawe bado nyuzi 70. Kisha poza chupa kwa kuimwagia maji baridi kwa nje na ujaribu tone kwenye kifundo cha mkono. Yaliyobaki baada ya mlo yamwagwe.

Watu wa kisiwani wasikilize hili: maji ya kisima yenye chumvi hayafai kwa maziwa ya mtoto. Kuchemsha hakutoi chumvi, kunaizidisha. Ukitumia maji ya chupa, sodiamu kwenye lebo iwe chini ya miligramu 200 kwa lita, na bado uyachemshe.

Katikati ya mlo na mwisho wake mpe nafasi apige mbweu, kisha mshike wima dakika 20 hadi 30, nepi isimbane tumbo. Akilala, alale chali, kitanda kikiwa bapa. Mito na vitanda vya kuinamisha visinunuliwe kwa ajili ya kucheua. Marekani ilivipiga marufuku vitanda hivyo kwa sheria ya 2022, baada ya watoto kufa ndani yake.

Maziwa mazito ya kuzuia kucheua, yenye karobu (unga wa mbegu unaozitisha) au wanga, si ya kuokota rafuni. Ni ya ushauri wa daktari, na hayachanganywi na dawa za kuzuia asidi zinazofanya maziwa yawe mazito. Haya ndiyo pekee yanayotaka tundu kubwa zaidi, maana kwenye chuchu ya T hayapiti. Joto la maji yake fuata lililoandikwa kwenye mkebe. Unga wa uji usitiwe kwenye chupa kabisa.

Matapishi ya kijani, damu, kutapika kwa kuruka mbali, nepi kavu, homa au uzito usiopanda: hapo hakuna chupa ya kununua, ni hospitali siku hiyohiyo. Aliye Pate au Faza asingoje boti ya kesho.

Kuhusu wauzaji, ninakereka. Sheria ya Kenya ya 2012 inazuia kuyapigia debe maziwa ya mkebe, lakini mama anaingia kwa kemisti kuuliza kuhusu kucheua, anatoka na mkebe wa bei ya juu, hakuna aliyetaja chuchu. Wengine hutoa chuchu kwenye pakiti na kuziuza mojamoja, boksi lenye maelezo limetupwa. Na kikivuka Mokowe, gati la bara la kwenda Lamu, kitu kilekile kinapandishwa bei, huku chuchu za ziada, ndizo zinazohitajika hasa, haziletwi. Ukiagiza Malindi au Mombasa, taja jina, shingo nyembamba, na Level 1 mbili pamoja na T moja, na umwambie muuzaji akutumie picha ya ngazi iliyochorwa kwenye chuchu kabla hujalipa.