Debi ya Ngong Road au kambi: kikosi cha Simba kichaguliwe wapi?

Kila Kenya Harlequins na Impala, klabu jirani za Ngong Road, wanapokutana katika debi yao, mashabiki wa raga jijini Nairobi hubishana iwapo kocha wa Simba, timu yetu ya taifa ya wachezaji 15, achague kikosi kwa kutazama debi au kwa kuwaita wachezaji kambini.

Kwa gharama, debi inashinda, kwani kambi hudai malazi, chakula na ruhusa za waajiri.

Kuhusu uhakika, suala ni gumu zaidi. Dakika 80 za upinzani mkali humfichua anayeendelea kukaba akiwa amechoka, jambo ambalo mazoezi hayawezi kuliiga kikamilifu. Hata hivyo, winga ambaye wenzake hawamfikishii mpira huonekana hafai, ilhali kambini angepangwa na wachezaji bora na kupimwa kwa haki. Tena, na hili naliona zito, debi ya Nairobi haimwonyeshi kabisa mchezaji wa Kabras Sugar, klabu ya Kakamega, magharibi mwa Kenya.

Kocha anayetafuta mtu mmoja wa kuziba pengo la majeruhi atatosheka na debi. Anayejenga safu ya mbele ya skramu (pale wachezaji wa timu mbili wanaposhikana na kusukumana kugombea mpira), safu ambayo hudai mazoea ya pamoja, anahitaji kambi.