Mwezi mmoja wa Montessori: nilicholipia na nilichokiona

Ijumaa ya wiki ya kwanza nilipekua begi la mwanangu mpaka mfuko wa pembeni. Hakuna daftari. Hakuna karatasi yenye vema nyekundu, hakuna hata kile kinyota cha kubandika. Nilikuta chupa ya maji, kandambili ya mguu mmoja (mwenzake alirudi Jumatatu) na kitambaa kibichi cha kufutia meza. Nilikuwa nimelipa 180,000 ya ada ya mwezi na 60,000 ya gari, na wiki nzima imenizalia kitambaa.

Mimi ni wakala wa pesa, kibanda changu kipo karibu na Barakuda, na tunakaa Tabata Kimanga na mama mkwe. Binti yangu alikuwa na miaka mitatu na miezi minane. Chekechea alikotoka alikuwa anarudi na daftari limejaa, herufi "a" mistari kumi, na nusu yake zilikuwa za mwalimu mwenyewe. Mwandiko wa mtu mzima naujua, nasaini nao kutwa. Kwa hiyo Oktoba mwaka jana tukaomba mwezi mmoja wa majaribio kwenye shule moja ya Montessori upande wa Segerea, yaani njia ya kufundisha watoto wadogo kwa vifaa vya kushika kwa mikono, tuone kabla ya Januari. Jina silitaji, kwa sababu huko mbele nina ya kulalamika na sijamaliza kuzungumza nao.

Baba yake hakutaka. "Hayo ni mambo ya watoto wa Masaki," alisema. Nikamwambia hapana: Maria Montessori alikuwa daktari, na nyumba yake ya kwanza ya watoto aliifungua Januari 1907 mtaa wa San Lorenzo, Roma, kwa watoto wa vibarua, wazazi wako kazini na watoto wanazurura kwenye ngazi za majengo. Hapa kwetu wengi tumelijua jina hilo kupitia masista, ambao wamefundisha walimu wa njia hii kwa miaka mingi. Kilichoifanya ionekane ya kitajiri ni bei za Dar. Halafu kuna jambo ambalo mzazi anayetafuta shule inabidi alijue: neno Montessori halina mwenyewe. Mtu yeyote anaweza kulipaka ukutani pamoja na Mickey Mouse. Usisome ukuta. Omba kukaa ndani.

Mimi niliomba. Nikapewa kiti kidogo cha watoto, magoti yakafika kidevuni, nikaambiwa saa moja tu na nisiongee na mtoto yeyote asiyeniongelesha. Nilivyozoea, mgeni akiingia darasani watoto wote husimama na kupiga kelele za salamu mpaka bati linatikisika. Hapa hakuna aliyesimama. Alikuja mmoja tu, kijana wa miaka mitano hivi, akasema "Shikamoo, karibu", akaniletea maji kwenye glasi. Glasi ya kioo. Nilimtazama anavyoileta, mikono miwili, macho kwenye maji, na roho yangu ikawa juu mpaka alipoitua.

Walikuwa watoto ishirini na sita, wa miaka mitatu hadi sita wamechanganywa, mwalimu mmoja na msaidizi mmoja. Mwalimu sikumwona kwa dakika tano nzima. Kumbe amekaa chini kwenye mkeka na mtoto mmoja, anaongea kwa sauti ya mtu anayepima chumvi. Alikuwa na vibao viwili, kimoja laini na kingine kimebandikwa msasa. "Hiki laini. Hiki kinakwaruza." Kimya. "Nipe kinachokwaruza." Mtoto akampa. Mwisho akashika kimoja: "Hiki kikoje?" Basi, somo limekwisha, halikufika dakika tatu. Mtoto angekosea hapo mwisho mwalimu asingemwambia umekosea. Angerudi mwanzo, au angekiacha hadi siku nyingine.

Nilichokipenda kuliko vyote ni shanga za hesabu, pengine kwa sababu ya kazi yangu. Shanga moja ni moja. Kumi zimetungwa kwenye waya, zimekuwa kijiti. Vijiti kumi vimefungwa pamoja, mraba wa mia. Miraba kumi imebebana, mchemraba wa elfu. Msichana wa miaka mitano alipewa kazi ya kwenda "benki" kuleta elfu mbili mia nne na thelathini na sita, na akaenda na trei yake kama mteja wangu wa mwisho wa mwezi. Elfu aliibeba kwa mikono miwili. Mimi nahesabu noti tangu nimalize kidato cha nne, na sijawahi kufikiria kwamba elfu ina uzito na mia ina upana. Kwangu zote ni karatasi zinazotofautiana rangi.

Mwanangu hakufika kwenye shanga, bado mdogo. Mwezi wake ulikuwa wa kumimina. Wiki ya kwanza maharage, kutoka jagi hadi jagi, mara ishirini. Wiki ya pili mchele, kisha maji, na kile kitambaa kazi yake ni hii: ukimwaga unafuta mwenyewe, hakuna anayekuja mbio. Katikati ya kumimina kuna kufunga vifungo kwenye fremu ya mbao, kusugua kijiko kwa limau mpaka king'ae, kunusa vichupa vya karafuu, iliki na mdalasini na kutafuta kila kimoja pacha wake. Na mnara wa waridi, michemraba kumi, mkubwa una sentimita kumi kila upande na mdogo sentimita moja. Hubebwa mmoja mmoja kutoka kwenye rafu hadi kwenye mkeka, kwa hiyo kujenga mnara mmoja ni safari kumi za kwenda na kumi za kurudisha. Nilimuuliza mwalimu kwa nini wasipewe kikapu wabebe mara moja. Akacheka: "Mzazi, hizo safari ndiyo kazi yenyewe."

Nilidhani ananipanga. Jumapili ya wiki ya pili bibi yake alitaka kuswali adhuhuri, mswala haupo mahali pake. Mtoto akauleta. Akapiga goti, akaukunjua taratibu huku anaunyoosha kwa kiganja, halafu akauzunguka kurudi alikotoka. Akauzunguka! Huyu ni mtoto ambaye mwezi uliotangulia alikuwa anakatiza mbele ya bibi yake akiwa kwenye sijda, tena mbio. Bibi alipomaliza akamkuta mjukuu amekaa pembeni anasubiri aukunje. Shuleni mkeka ni eneo la mtu, kazi yake iko juu yake, haukanyagwi na mtu. Yeye alichofanya ni kuhamisha sheria nyumbani. Mama mkwe, ambaye tangu mwanzo alikuwa upande wa mwanawe, siku ile alihama upande bila kutangaza.

Gharama yake ni kwamba nyumbani sasa kila kitu kinachelewa. Anataka kujimiminia chai, na kwenye kikombe cha udongo, cha plastiki hakitaki. Tumevunja viwili. Saa kumi na mbili na robo asubuhi, gari la shule linapiga honi nje, yeye anafunga kifungo cha tatu cha sweta na ukimsaidia anavifungua vyote aanze upya. Sweta, Dar es Salaam, Oktoba! Ni sare, na sijui nani aliamua.

Siku ya Nyerere, tarehe 14, shule ilifungwa. Aliamka, akavaa viatu, akakaa mlangoni. Ukizingatia kwamba siku tatu za kwanza alilia mpaka akatapika, na mwalimu akanisisitiza nimuage waziwazi na niondoke bila kuchungulia dirishani, huko kukaa mlangoni tarehe 14 nilikupokea kama mshahara.

Sasa malalamiko.

La kwanza ni silinda. Kuna magogo manne ya mbao, kila moja lina matundu kumi na silinda kumi zenye kishikio, nyingine zinatofautiana unene, nyingine kina. Mtoto anazitoa zote, anazichanganya, anazirudisha. Akikosea, mwishoni inabaki moja isiyoingia popote, na hiyo ndiyo inayomwambia amekosea. Mwalimu hana haja ya kufungua mdomo. Ni kitu cha akili sana. Lakini seti ya shule hii ilichongwa na fundi wa mtaani, jambo ambalo silipingi, mbao nzuri tunazo na mafundi tunao. Tatizo ni vipimo. Kwenye gogo moja kulikuwa na silinda inayoingia vizuri kabisa kwenye matundu mawili tofauti, na nyingine imevimba kwa unyevunyevu haitaki hata tundu lake. Nilikaa namtazama mwanangu amefanya sawasawa kabisa, na silinda inagoma. Akaigeuza. Akajaribu kwingine. Akavuruga kazi yote iliyokuwa sahihi kwa sababu ya ile moja yenye uongo. Nilimwambia mwalimu mkuu, akanijibu kwamba watoto hawajali. Yule mtoto alikuwa amejali kwa dakika kumi na moja, nilikuwa nimeshika simu naangalia saa. Na ni kazi ya msasa ya nusu saa tu!

La pili ni herufi. Wanafundishwa sauti ya herufi badala ya jina lake, kwa kupitisha vidole viwili juu ya herufi ya msasa huku wanaitamka, na Kiswahili kingefaa mno kwa hilo maana kwetu kilichoandikwa ndicho kinachosomwa. Ila shule ni ya Kiingereza. Wiki ya mwisho mtoto alisimama jikoni mbele ya pakiti ya unga, akapitisha vidole kwenye herufi ya kwanza, kwa mwendo mzuri kabisa, akasema, "A!"

"Siyo a, mjukuu wangu," bibi akamwambia. "Hiyo ni u. U-nga."

"Mwalimu kasema a. A, ambrela."

Nilicheka, halafu sikucheka. Mwalimu yuko sahihi kwa Kiingereza chake na bibi yuko sahihi kwa unga wake, na mtoto yuko katikati na vidole viwili hewani. Niliuliza kama wanaweza kuanza na sauti za Kiswahili, hata irabu tano tu. Wakasema wazazi wengi wakisikia Kiswahili wanahamisha watoto. Hilo naamini ni kweli, na lawama hapo siwezi kuwatupia wao peke yao.

La tatu ndilo lililonikera hasa. Siku ya kujiandikisha tuliambiwa kwa msisitizo kwamba asubuhi ni saa tatu za kazi bila kukatizwa, ndiyo moyo wa njia hii, hata mzazi akichelewa asiingie kwa kishindo. Wiki ya tatu mikeka ilikunjwa. Mazoezi ya mahafali. Watoto wa miaka mitatu walisimama juani siku nne mfululizo wanafundishwa kucheza muziki kwa mstari, spika imefunguliwa mpaka mwisho, kisha ujumbe ukaingia kwenye kundi la WhatsApp: "Mzazi mpendwa, joho ni 35,000." Joho la nani? Mwanangu alikuwa na wiki tatu shuleni! Nilipiga simu, nikaambiwa watoto wa majaribio nao wanapendeza kwenye picha. Sikulipa. Wiki ile alirudi anapiga kelele na kurusha viatu, na Jumatatu iliyofuata, mikeka iliporudi, ilimchukua siku mbili kutulia tena kwenye jagi lake.

Kuhusu gari sina la ajabu: Hiace, linajaza kupita kiasi, dereva mstaarabu. Chakula ni uji wa ulezi na tunda. Wanamenya ndizi wenyewe na kuikata kwa kisu butu, na kisu hicho sasa kinadaiwa nyumbani.

Watu wananiuliza kama anajua kusoma. Hajui. Anajua kuhesabu hadi kumi na mbili na kuruka kumi na tatu. Daftari la mwezi mzima halipo, na ukitaka la kumwonyesha shangazi mtu siku ya Idi, hii pesa usiitoe. Mimi kuna kitu nilikiona siku ya mwisho ya mwezi nikiwa nimekaa kibandani naye, foleni ya wateja sita. Punje ya karanga ilimdondoka ikaingia chini ya kabati la chuma. Aliinama, akapeleka mkono, ukagoma. Akatoka, akatafuta rula yangu, akarudi, akaivuta taratibu mpaka ikatoka, akaipeleka kwenye ndoo ya takataka, akairudisha rula upande uleule ilikokuwa imelala. Hakuniita. Mteja mmoja akasema, "Mama, huyu mtoto anaumwa?"

Januari nimelipa nusu ya muhula. Nusu ya pili nimewaambia nitaleta mwenyewe kwa mkono, na kabla ya kuitoa nitaomba niletewe lile gogo la silinda nijaribu zote kumi.