Wiki au Git: Tuhifadhi Wapi Muhtasari wa Mijadala ya Kiufundi?

Miongoni mwa waandaaji programu wa Dar es Salaam, swali hili haliishi. Wiki, yaani tovuti ambayo wasomaji wenyewe huihariri, aliyoianzisha mwandaaji programu Ward Cunningham mwaka 1995, humruhusu mtu kusahihisha muhtasari papo hapo, hata kwa simu akiwa ndani ya mwendokasi, ila seva yake hudai malipo na ulinzi dhidi ya matangazo taka. Git, programu ya mwaka 2005 ya kutunza matoleo ya faili, humpa kila mshiriki nakala yenye historia kamili, hivyo intaneti ikikatika Kinondoni kazi huendelea. Lakini huwatisha wasioizoea, na kwangu hilo ni zito, kwa kuwa aliyepinga hoja ndiye anayestahili kuhakiki jinsi pingamizi lake lilivyofupishwa. Wenye wachangiaji wengi wa mara mojamoja watafaidika na wiki. Wachache waliozoea msimbo, Git itawatosha.