Mzee wa ngao, Kariakoo: hapa unaandika sentensi nzima kwa bei ileile

Mimi ni mwalimu wa taaluma katika sekondari ya kata huku Mbagala, Dar es Salaam, mwaka wa sita sasa. Kila yakikaribia mahafali ya kidato cha nne, kazi ya kutafuta zawadi huwa yangu. Nimeshazunguka maduka mengi ya vikombe na ngao mjini. Mwaka jana duka moja lilituuzia vikombe vilivyobandikwa stika badala ya kuchongwa, na kabla mgeni rasmi hajamaliza hotuba jina la mtoto mmoja lilikuwa limeshabanduka na kuning'inia. Yule binti alishika kikombe mkono mmoja na jina lake mkono wa pili mpaka picha zikaisha. Nikaapa sirudi pale.

Mwaka huu, 2025, mwalimu mwenzangu alinielekeza kwa mzee mmoja Kariakoo. Duka liko ghorofa ya kwanza, kwenye mtaa unaokatiza Msimbazi, chini yake wanauza mabegi ya shule. Bango limefifia halisomeki, kwa hiyo wewe ulizia mzee wa ngao, wauza mabegi watakuonyesha ngazi. Ngazi zenyewe ni nyembamba. Ukiwa umebeba boksi inabidi anayepanda amsubiri anayeshuka.

Nilienda na shilingi laki nne na nusu, michango ya wazazi, nyingine imetolewa elfu mbili mbili. Nikachukua ngao sita za mbao kwa elfu thelathini kila moja, medali thelathini kwa elfu nne na mia tano, na vikombe vitatu vya chuma kwa elfu thelathini na tano. Ikabaki elfu thelathini, ikaishia kwenye bahasha za vyeti na bajaji ya kurudia. Kuna maduka yenye bei ndogo kuliko hizi. Lakini mbao yake ni mninga halisi, nzito mkononi, na nyuma ameweka kishikizo cha kutundikia ukutani, kitu ambacho kwingine hukuti.

Kijana wa kompyuta alinifungulia violezo alivyonavyo. Vilikuwa vingi, vyote kwa Kiingereza, na vyote vinaanza na neno "Best", kisha jina la somo. Nikamuuliza kama naweza kuandika ya kwangu, kwa Kiswahili. Mzee akajibu yeye, bila kuinua macho kwenye mbao aliyokuwa anaipiga msasa: "Mwalimu, maneno ni yako. Mistari mitatu bei ni ileile. Watu hawaulizi tu."

Basi nikatoka pale bila kuagiza maandishi ya ngao. Nilipanda daladala ya Rangi Tatu nikiwa na karatasi mapajani, na safari nzima nilikuwa najiuliza hawa watoto sita wamefanya nini hasa.

Januari 2023 Baraza la Mitihani lilipotoa matokeo ya kidato cha nne ya 2022, liliacha kutangaza shule kumi bora na watahiniwa kumi bora. Walimu wengi walinung'unika, mimi niliunga mkono, kwa sababu orodha ile mara nyingi ilikuwa inasifia shule zinazochuja watoto mlangoni. Ila huku chini sisi wenyewe tuliendelea na orodha zetu ndogo. Wa kwanza, wa pili, wa tatu, makofi, twende tukale pilau. Nimefanya hivyo miaka mitano.

Kuna kijana wetu mmoja, niite tu fundi viti. Toka kidato cha pili alikuwa anabaki baada ya masomo na nyundo ya baba yake, anakusanya viti vilivyovunjika nyuma ya choo cha wavulana, anatoa miguu ya kiti hiki kuokoa kile. Hakuna aliyemtuma. Nilihesabu na mlinzi wiki ile: viti arobaini na vitatu vimekaliwa leo kwa sababu yake. Katika majaribio yetu ya ndani yuko divisheni ya nne. Divisheni inahesabiwa kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, pointi saba mpaka kumi na saba ndiyo ya kwanza, na katika masomo yote anayosoma hakuna hata moja linalouliza kiti kinasimamaje. Aliingia kidato cha kwanza 2022. Mkondo wa amali, yaani wa kujifunza ufundi na kazi za mikono, umeanza na kidato cha kwanza cha Januari 2024, tena katika shule chache zenye vifaa. Miaka miwili tu imempita.

Hili linaniuma, naomba nilisimamie kidogo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, ilizinduliwa Dodoma mapema 2025, na ndani yake kuna mambo ambayo walimu tumeyadai muda mrefu: elimu ya lazima miaka kumi, msingi iwe miaka sita, na amali ipewe heshima ya mkondo kamili badala ya kuwa adhabu ya walioshindwa. Nakubaliana nayo kwa moyo wote. Lakini shule yetu haina karakana. Haina randa wala mashine ya kuchomelea, na mwalimu aliyesomea kazi hizo hatuna. Na hesabu ni nyepesi kwa yeyote mwenye mtoto: walioanza darasa la tatu 2024 kwa mtaala mpya watamaliza la sita 2027, na mwaka huohuo wenzao wa mtaala wa zamani wanamaliza la saba. Januari 2028 madarasa mawili yatabisha hodi kidato cha kwanza kwa pamoja. Watakaa wapi? Tangu ada ifutwe 2016 tumeshazoea watoto watatu dawati moja, na namshukuru Mungu kwa kila mmoja wao aliyeingia, lakini hao wa 2028 wanahitaji viti, na mtoto anayejua kuvitengeneza tunamwambia amefeli.

Ngao yake nikaiandika hivi: "Viti 43 vya shule hii vinakaliwa kwa kazi ya mikono yake."

Ya pili ilinishinda. Ni binti aliyekatiza masomo akiwa mjamzito, akarudi kwa ule mlango uliofunguliwa Novemba 2021, wanafunzi wa aina yake waliporuhusiwa kurudi katika shule za kawaida. Nilikuwa nimeshaandika sentensi nzuri kuhusu kurudi kwake. Nashukuru nilimwita kwanza ofisini nimsomee. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema taratibu: "Madam, usiandike nilirudi. Kila mtu anajua nilirudi. Andika Hisabati." Alianza kidato cha tatu na F, sasa ana B, katika somo linaloangusha wengi kuliko yote shuleni kwetu. Nikafuta. Ikawa: "Hisabati, kutoka F hadi B, kwa miaka miwili."

Ya tatu ni ya kijana ambaye kila Jumatano aliwafundisha kidato cha kwanza Baiolojia kwa Kiswahili, chini ya mwembe, kwa sababu watoto wametoka msingi wamesoma kila kitu kwa Kiswahili, na Januari tunawageuzia Kiingereza ghafla. Yeye mwenyewe mtihani unamtesa kwa lugha hiyohiyo. Nilikaa nyuma siku moja nikamsikia akieleza usanisinuru kwa mfano wa mama anayepika kwa jua. Mimi na shahada yangu sijawahi kueleza vizuri vile. Hizo tatu nyingine zilikuwa za kawaida: taaluma, michezo, nidhamu.

Niliporudi dukani mzee alisoma zile karatasi moja moja. Akafika ya viti, akauliza, "Huyu yuko wapi akimaliza?" Nikamwambia sijui. Akaiweka juu ya nyingine.

Sasa niwaonyeshe anavyofanya kazi, maana hapo ndipo pesa yako inapokwenda. Kibati cha rangi ya dhahabu kinakuja na ngozi ya plastiki juu. Anaibandua kwa ukucha kuanzia kona, anakilaza kwenye mashine ya leza, anakinyoosha kwa rula mpaka kikae sawa. Kabla ya kubonyeza chochote anakuambia usome kwenye skrini kwa sauti, jina na maneno, herufi kwa herufi, na yeye anafuatilia kwa kalamu kwenye karatasi yako. Nilimsomea majina sita hivyo. Halafu nuru ndogo inaanza kutembea, inakwenda na kurudi kama cherehani isiyo na uzi, na harufu ya rangi iliyoungua inapanda. Inachukua dakika nne hivi. Anapuliza vumbi, anafuta kwa kitambaa laini, na maandishi yanatokea meusi, safi, yameingia ndani. Pitisha kidole unayasikia. Hayabanduki.

Kasoro zipo. Aliniahidi Alhamisi saa kumi jioni, nikapata Ijumaa saa tatu usiku, na mahafali ni Jumamosi asubuhi. Umeme ulikatika, sawa, lakini simu yangu ilipokelewa mara moja tu kati ya mara saba, na mwalimu aliyesimama na pesa za wazazi hastahili kunyamaziwa. Pia tepe za medali ni nyepesi. Mbili zilichomoka kwenye kishikio siku hiyohiyo, tukashona kwa sindano nyuma ya jukwaa. Na medali zile thelathini, ambazo hatukuzisoma kwa sauti kwa kuwa zilikuwa nyingi, moja ilikosa herufi katika jina la shule. Aliibadilisha Jumatatu bila malipo, akaniongezea na nauli ya kijana aliyeileta mpaka Mbagala. Hilo la mwisho halikunishangaza tena baada ya kumjua.

Jumamosi tulizisoma ngao zote sita kwa kipaza sauti, sentensi nzima nzima. Ya binti ilipigiwa vigelegele na wanafunzi kabla ya wazazi, kwa sababu wao ndio wanaojua B ya Hisabati ni nini. Ya fundi viti, baba yake alikuja mbele. Ni mbeba mizigo sokoni, alikuja na shati lililopigwa pasi na bado lina mkunjo wa kabatini. Aliichukua ngao, akaanza kuisoma polepole kwa kidole, neno kwa neno, na alipofika kwenye "43" akasimama, akageuka akaangalia viti tulivyokalia. Akaniuliza, "Mwalimu, hivi?" Nikamwambia ndiyo mzee, hivyo.

Jumanne iliyofuata nilipigiwa simu na mzee wa ngao. Anataka kijana afike dukani akishamaliza mtihani wa Novemba, ajaribu mwezi mmoja kwenye kukata mbao, na akiweza amlipe. Nimewakutanisha. Nimemwambia baba yake pia kuhusu vyuo vya ufundi vya VETA, asije akaridhika na duka peke yake.

Kwa walimu mtakaokwenda: agizeni wiki mbili kabla, maana Septemba na Oktoba pale hapakaliki. Majina yachapeni, msiandike kwa mkono. Lipeni nusu, nusu baada ya kuona mzigo, na dai risiti. Someni kila kitu kwa sauti, hata medali, hata zikiwa thelathini. Na nendeni mkiwa mmeshajua mtoto wenu amefanya nini, kwa sababu mzee atawauliza.