Tathmini ya darasa la likizo la jenetiki na mgawanyiko wa seli, Tudor, Mombasa

Kituo hiki cha masomo ya ziada kiko ghorofani katika jengo moja mtaani Tudor, na wakati wa likizo ya Agosti hufungua darasa la baiolojia kwa wanafunzi wa Kidato cha Tatu na cha Nne, likihusu mambo mawili pekee: namna taarifa za urithi zinavyohifadhiwa ndani ya seli, na namna seli inavyojigawa. Karo ni shilingi 4,500, vifaa vya majaribio vikiwemo. Nilimlipia binti yangu, na kwa kuwa wazazi huruhusiwa kuketi nyuma ya darasa, nilihudhuria kila kipindi ambacho kazi iliniruhusu kufika.

Mwalimu aliuanza mfululizo huo kwa kamba ya usumba yenye nyuzi mbili, akaifumua mbele ya darasa na kutunga kwenye uzi mmoja ushanga wa rangi nne, kila rangi ikiwakilisha besi mojawapo, yaani herufi, ya DNA, molekuli inayohifadhi taarifa za urithi: adenini, thimini, guanini na sitosini. Kisha akawataka wanafunzi waujenge uzi wa pili kwa kuutazama wa kwanza tu, wakifuata kanuni kwamba adenini hukabiliana na thimini, na guanini hukabiliana na sitosini. Mwanafunzi aliyeifanya kazi hiyo kwa mikono yake haulizi tena ni vipi molekuli hiyo hujinakili, kwa sababu ameona kwamba kila uzi una maelekezo kamili ya kumjenga mwenzake. Muundo huo ulitangazwa na James Watson na Francis Crick mwaka 1953, na nilipendezwa kwamba picha za eksirei za Rosalind Franklin, ambazo zilikuwa sehemu ya ushahidi wenyewe, zilipewa nafasi yao. Hata jaribio la wanasayansi Meselson na Stahl la mwaka 1958, waliowakuza bakteria katika naitrojeni nzito kisha wakawahamishia kwenye nyepesi, lilielezwa hatua kwa hatua hadi darasa likafikia lenyewe hitimisho kwamba kila molekuli mpya hubaki na uzi mmoja wa zamani.

Kipindi cha vitunguu kinatosha peke yake kumfanya mzazi afikirie kulipa. Vitunguu kutoka soko la Kongowea vilikuwa vimewekwa juu ya midomo ya glasi za maji mapema, na mizizi ilikuwa imeshachipuka. Kila kikundi kilikata ncha ya mzizi, yenye urefu wa milimita chache tu, kwa sababu ni huko nchani ambako seli hugawanyika kwa wingi. Kikailoweka katika asidi hafifu ya hidrokloriki iliyopashwa moto ili seli ziachane, kikaisuuza, kikaitia rangi ya kuzionyesha kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba DNA, kisha kikaiponda kwa kidole gumba juu ya kioo cha kufunikia, bila kukisogeza kando. Wanafunzi wengi walishangaa kukuta kwamba seli nyingi hazionekani kugawanyika kabisa. Mwalimu hakuliacha jambo hilo lipite: aliwaagiza wahesabu ni seli ngapi ziko katika kila hatua ya mgawanyiko, yaani profasi, metafasi, anafasi na telofasi kwa mfuatano huo, akawaonyesha kwamba hatua yenye seli chache ndiyo inayopita upesi, na kwamba seli hutumia sehemu kubwa ya maisha yake katika intafasi, kipindi cha kati ya mgawanyiko mmoja na mwingine, ambamo DNA hunakiliwa. Kikundi kimoja kilipata metafasi iliyotandazika vizuri, na kromosomu 16 za kitunguu zikahesabika moja baada ya nyingine.

Hadubini, hata hivyo, ni chache mno. Mara nyingi wanafunzi wanane walisubiri chombo kimoja, na wale wapole waliondoka wakiwa wameangalia kwa sekunde chache tu. Kituo kinachotoza karo hii hakina budi kuliangalia hilo kabla ya likizo ijayo.

Kipindi cha selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, kilinigusa zaidi, kwa kuwa hapa Pwani ugonjwa huo haujifichi vitabuni. Darasa lilifuata badiliko moja la herufi katika jeni ya beta-globini, sehemu ya himoglobini, protini inayobeba oksijeni katika damu: kodoni, yaani herufi tatu zinazotaja asidi amino moja, ya GAG inageuka GTG, asidi amino ya glutamiki inapisha valini katika nafasi ya sita, na kutokana na hilo himoglobini hugandamana inapopungukiwa na oksijeni, hivyo chembe nyekundu zikapinda. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, ndiye aliyeonyesha mwaka 1954 kwamba watu wenye nakala moja ya jeni hiyo wana kinga fulani dhidi ya malaria, baada ya kuona kwamba jeni hiyo imeenea Pwani na kando ya Ziwa Victoria kuliko nyanda za juu. Wanafunzi walisikiliza kwa utulivu wa kipekee.

Kwa sababu hiyo hasa nasikitika kwamba meiosisi, yaani mgawanyiko unaotoa mayai na mbegu za uzazi, ilifundishwa kama orodha ya majina ya kukariri. Darasa lilijua kwamba kromosomu 46 za binadamu hubaki 23, lakini halikuonyeshwa kwamba katika mgawanyiko wa kwanza ni kromosomu zenye kufanana zinazotengana, na katika wa pili ni kromatidi, yaani nakala mbili za kila kromosomu. Halikuonyeshwa pia kwamba kutengana huko ndiko kunakoamua iwapo yai au mbegu itabeba jeni ya selimundu. Matokeo yake yalionekana mara moja: mwanafunzi mmoja alieleza kwamba wazazi wawili wenye nakala moja moja wakipata watoto wanne, mmoja lazima awe mgonjwa, na hakusahihishwa. Ukweli ni kwamba uwezekano wa robo huanza upya katika kila mimba, bila kujali waliotangulia. Familia inaweza kupata watoto wanne wazima, au wawili wagonjwa mfululizo. Kijana anayetoka darasani na kosa hilo atalipeleka nyumbani, na nyumbani ndiko maamuzi ya uzazi yanakofanywa.

Kuna kasoro nyingine katika kijitabu kilichogawiwa, ambacho kinasema kwamba DNA hunakiliwa katika profasi, kinyume na alivyofundisha mwalimu mwenyewe. Nilimweleza msimamizi, naye akaahidi kukirekebisha.

Anayefikiria kumwandikisha mwanawe aulize mapema idadi ya hadubini, na akiwa na mtahiniwa wa Kidato cha Nne, aombe kipindi kizima cha meiosisi chenye kamba ileile ya usumba na ushanga, kwa kuwa mwalimu aliyeweza kuufundisha unakili wa DNA kwa njia hiyo anaweza kabisa kufundisha na hili.