Bledi ya meno 60 imeniokolea kabati langu

Jamani msumeno wangu wa umeme wa inchi 7 ulikuja na bledi ya meno 24, kwa mbao za kupaulia inakata chap chap kabisa, ila nilivyopitisha kwenye plaiwudi ya kabati ule uso wa juu ukachanika vipande vipande, roho iliniuma sana. Nikaenda Kariakoo nikachukua ya meno 60 yenye ncha za kabaidi (kitu kigumu kuliko chuma cha kawaida), aisee ukingo umetoka laini hata msasa sijagusa! Inakwenda polepole lakini, usiisukume itaunguza mbao. Kabla hujalipa angalia tundu la kati la bledi lilingane na mashine yako, la kwangu ni milimita 20, na spidi iliyoandikwa kwenye bledi isiwe chini ya ile ya mashine, hiyo ni hatari kweli.